Naomba ushauri: chaja ya kilowati 22 kwa gari la kilowati 11

Wakuu, habari zenu. Gari langu la umeme lina chaja ya ndani ya kilowati 11, fezi tatu, ampea 16 kila fezi. Fundi anang'ang'ania nifunge chaja ya ukutani ya kilowati 22, eti itajaza chapchap. Mimi naona gari halitavuta zaidi ya 11 hata uliwekee mtambo wa kiwanda. Kinachoniumiza kichwa zaidi: nyumbani nina fezi moja tu. Ampea 16 mara volti 230 ni kama kilowati 3.7 basi, na betri ni ya kilowati-saa 60. Je, nivute fezi tatu, au kuchaji usiku kucha kunatosha? Mliopitia hili nisaidieni, fundi anasubiri jibu.