Apdeti ya Windows inamaliza bando na bado inagoma, naomba ushauri
Wakuu, habari za majukumu. Niko Ujiji, Kigoma. Kompyuta yangu ya mezani ina Windows 11, diski ya GB 120 iliyobaki na GB 6 tu. Intaneti ni hotspoti ya simu, kila MB naihesabu.

Wiki iliyopita umeme ulikatika apdeti ikiwa katikati (sina UPS, kile kifaa cha kushikilia umeme ukikatika, nakiri uzembe). Tangu hapo inapakua upya, inafika asilimia 30 hivi, inajizima na kuwaka, kisha inasema inarudisha mabadiliko. Bando la GB 5 limeisha kwa siku mbili na watoto hawajafungua hata ukurasa mmoja!

Nimesimamisha huduma ya apdeti, nikafuta mafaili kwenye folda ya SoftwareDistribution (ambamo Windows huweka apdeti inazopakua), nikaiwasha tena huduma hiyo. Wapi! Nimeiambia kompyuta kuwa hotspoti ni mtandao wa kulipia kwa kipimo, angalau upakuaji umetulia. Fundi ananishauri nizime apdeti kabisa, ila naogopa virusi, flashi za watu zinapita sana humu.

Je, kinachogomesha ni nafasi ndogo au mafaili ya mfumo yaliyoharibika? Na naweza kupakua apdeti kazini, nikaibeba kwa flashi?