Mpwa yuko chuo kidogo Ohio: utafiti ataufanyia wapi?

Mjomba, Houston:
Wanajumuiya, wakubwa shikamooni, wengine habari za Jumapili. Mpwa wangu wa Tanga kaanza mwaka wa kwanza chuo kidogo huko Ohio, chuo kizima wanafunzi hawafiki 2,000. Anasoma baiolojia, viza F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni. Kuna kijana wa chuo kikuu cha jimbo kamtia hofu: eti vyuo vidogo ni vya kusomea ushairi, utafiti hakuna, ahame mapema. Dada yangu ananipigia kila siku. Nimwambie nini?

Dada wa Minneapolis:
Shikamoo mjomba. Asihame. Mimi nimesoma Grinnell, chuo kidogo cha Iowa, na nilitishwa hivyo hivyo.

Huyo kijana anahesabu majengo. Chuo kikubwa profesa ana wanafunzi wa uzamivu, na hao ndio wanaoshika mashine. Wa shahada ya kwanza mara nyingi huambulia kuosha vyombo. Chuo kidogo hakina watu wa uzamivu. Profesa akitaka kazi yake isonge, msaidizi ni huyo mpwa wako. Grinnell kuna mpango wa MAP, mwanafunzi na mwalimu wanashika swali moja na kulifanyia kazi pamoja. Hapo hapo Ohio, College of Wooster inamtaka kila wa mwaka wa mwisho afanye utafiti wake, utaratibu wa tangu miaka ya 1940, na siku ya kukabidhi hupewa peremende ya Tootsie Roll (watu wazima wanaipigia foleni!). Chuo kidogo cha Reed, Oregon, wana kinu cha nyuklia tangu 1968, na waendeshaji wengi ni wanafunzi wa shahada ya kwanza wenye leseni ya serikali.

Mimi kiangazi changu kiliishia CERA, nyika ya chuo yenye ekari 365. Unaweka fremu ya mraba chini, unapiga magoti, unahesabu mche mmoja mmoja uliomo ndani, unaandika, unasogea. Suruali umeichomeka kwenye soksi kwa ajili ya kupe. Joto la Iowa mwezi wa saba lina unyevu kama la Tanga yenu. Jioni mnakaa na mwalimu meza moja mnabishana juu ya namba. Ndiyo maana barua aliyoniandikia nilipoomba uzamivu ilikuwa na nyama, si "ana bidii na nidhamu" tu.

Mwiba uko kwenye pesa. Zile programu za REU za kiangazi, yaani utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, zinazolipiwa na NSF, shirika la serikali ya Marekani la kufadhili sayansi, posho yake ni ya raia na wenye grini kadi. Mtu wa F-1 asipoteze usiku kuzijazia fomu. Atafute fungu la chuo chake chenyewe, ambalo mara nyingi halibagui pasipoti, na aanze kuuliza Oktoba, maana ikifika Machi nafasi zimeshagawanywa. Asome makala moja ya mwalimu, aende ofisini na swali moja la kweli. Sisi tumelelewa kwamba ukiitwa ofisini kwa mwalimu umekosa. Huku asiyekwenda hajulikani.

Baba wa watatu, Columbus:
Naongezea makaratasi. Chuoni kwake F-1 anaruhusiwa kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, likizo muda wote. Maabara ya chuo kingine kwa malipo, asikanyage kabla ofisi ya wanafunzi wa kigeni haijampa kibali cha CPT, yaani ruhusa ya kazi ya mafunzo nje ya chuo chake, ambacho kwa kawaida hungoja amalize mwaka mzima wa masomo. Aulize pia pesa inaitwaje: mshahara au ruzuku? Ruzuku isiyo malipo ya kazi hukatwa kodi asilimia 14 juu kwa juu, kwa kuwa Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Na aipeleke fomu 8843 kwa watu wa kodi wa Marekani kila mwaka, hata asipopata senti.

Mama wa Toronto:
Akija kutamani kupima mikoko ya nyumbani, aandikie COSTECH, tume ya sayansi ya Tanzania inayotoa vibali vya utafiti, miezi mingi kabla ya kukata tiketi, kwa sababu anatoka chuo cha nje. Kwa Kenya tume ya namna hiyo ni NACOSTI. Akihoji wavuvi, kamati ya maadili ya chuo chake nayo lazima ipitishe maswali kwanza.

Mjomba, Houston:
Ahsanteni sana. Nimempigia. Kumbe yuko mwalimu wa konokono wa maji baridi anayemtamani tangu wiki ya kwanza, ila anaona haya. Nimemwambia Alhamisi aende. Dada wa Minneapolis, nikimpa namba yako utampokea? Hayo ya fremu na kupe mimi siyawezi.

Dada wa Minneapolis:
Mpe, mjomba. Anipigie kabla ya Alhamisi, na hiyo makala awe ameisoma.