Tupeane uzoefu: tairi, rimu na vya kuongeza kwenye gari kwa siku za traki, hapa Uganda

Mzee wa Kona (Kampala)

Wakuu, habari za leo. Kila mara mtu anauliza anunue tairi gani, anajibiwa mstari mmoja, kesho mwingine anauliza lile lile. Naomba hapa tukusanye yaliyotukuta wenyewe siku za traki, yaani siku unapoingia na gari lako kwenye uwanja wa mbio. Nazungumzia sisi wa kawaida, ambao gari linalopeleka watoto shule Jumatatu ndilo hilo hilo Jumapili liko uwanja wa Busiika linakula vumbi, au limevuka mpaka kwenda kwenye lami ya uwanja wa Whistling Morans kule Athi River, Kenya. Wenye lori la vipuri na mafundi wa kukodi wana mambo yao.

Nianze mimi. Fedha ya kwanza iende kwenye tairi na breki. Ya pili iende kwenye petroli ya kuendeshea, maana dereva naye anahitaji kujifunza. Nguvu za injini zije mwisho kabisa, na hili nalisema kwa moyo wote kwa sababu naona vijana wanauziwa mabomba ya moshi ya bei mbaya huku gari limevaa tairi zilizokauka. Kila tairi linagusa ardhi eneo la ukubwa wa kiganja tu. Usukani, breki, mafuta, vyote vinapita hapo. Halafu Kampala iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo imeshapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kabla hujawasha. Bomba halikurudishii hewa hiyo. Tairi nzuri haijali uko mita ngapi.

Subaru Impreza yangu ilishuka bandarini na tairi zinazopendeza sana kwa macho, meno marefu, hazina hata mkwaruzo. Fundi akaniambia nizibakishe. Nikazipapasa: laini, na kila jino limechanjwa mistari myembamba kama mia. Ubavuni zimeandikwa STUDLESS. Hizo ni tairi za theluji, wenzetu Japani wanazifunga msimu wa baridi. Raba yake imetengenezwa ibaki laini kwenye barafu. Kwenye lami ya moto inayumba, meno yanajipinda kila unapokata kona, na ukiendelea kuikamua inaanza kumeguka vipande. Nilizitoa zote nne. Gari nyingi za mtumba zinazoingia nchini zinakuja nazo, kwa hiyo kagua leo, hata kama traki huendi.

Haya, karibuni.

Dada wa Corolla (Entebbe)

Asante kaka. Mimi naongezea upepo, kwa sababu ndiyo marekebisho ya bure kuliko yote na watu wanayaruka.

Usipime kwa macho wala kwa geji ya kituo cha mafuta. Nunua geji yako, itumie hiyo hiyo siku zote, hata ikikosea itakosea kwa namna moja. Tairi likipata moto upepo unapanda. Kwa makadirio ni psi moja kwa kila nyuzi tano au sita za joto. Ukiwa Athi River asubuhi kuna baridi, saa saba jua limechoma lami, upepo ulioujaza saa moja si ule ulio nao tena, na hapo hata hujaanza kuendesha.

Ninavyofanya: Corolla yangu ni nyepesi na inavuta kwa mbele. Naingia na psi 28 baridi mbele, naendesha raundi chache kwa nguvu, natoka, napima papo hapo kabla tairi halijapoa. Nataka nione kama 34. Ikizidi napunguza, nyuma naacha juu kidogo ili mkia ugeuke. Namba hizi ni za gari langu na tairi zangu. Lako litakuambia lenyewe.

Litakuambiaje? Chaki. Chora mstari mnene wa chaki ya shule kuanzia ubavuni kuja hadi kwenye meno, sehemu tatu kuzunguka tairi. Rudi baada ya raundi chache, chuchumaa uangalie. Kwenye bega la tairi kuna pembetatu ndogo imechorwa kiwandani. Chaki ikifutika hadi hapo karibu na ncha yake, upepo uko sawa. Ikifutika na kushuka ubavuni, tairi linalala, ongeza. Ikibaki hata juu ya bega, limejaa mno, unatumia katikati tu. Tairi la mbele kulia na la mbele kushoto hayatafanana kama traki ina kona nyingi za upande mmoja, na kila moja ulijaze lake.

Wanaume wengi walinitazama na chaki yangu kwa mshangao. Siku hizi wanakuja kuiomba, nami nawapa kwa furaha.

Pikipiki Mbili

Swali wakuu. Tairi za mtumba je? Mpya za kushika lami bei yake imenishinda.

Fundi wa Ndeeba

Ndugu yangu, mtumba siupingi, nimewafungia watu wengi. Ila usinunue kwa meno, nunua kwa tarehe.

Ubavuni tafuta herufi DOT, ufuate hadi mwisho wa msururu, utaona tarakimu nne kwenye kiduara chake. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarehe hiyo iko upande mmoja tu wa tairi, na ukikuta imefungwa ikaelekea ndani, mwambie muuzaji ageuze. Akikataa, ondoka. Kuna duka moja mjini lilimuuzia mteja wangu tairi nne zilizopakwa dawa nyeusi ya kung'arisha, zinameremeta kama viatu vya harusi. Tulipozipiga sabuni zikaonyesha nyufa ndogo ndogo kwenye mizizi ya meno. Raba inazeeka hata ikikaa stoo. Jua na joto vinaikausha, na iliyokauka haishiki. Mimi kwa traki sifungi tairi lililozidi miaka sita hata likiwa halijawahi kugusa barabara. Lenye kiraka cha ubavuni pia sifungi, kwa bei yoyote.

Kwa mpya, soma namba iliyoandikwa TREADWEAR. Ikiwa 400 au 500 hilo ni la kusafiria, litadumu lakini litapiga kelele kwenye kona. Karibu na 200 hapo unaanza kushika lami kwa kweli. Tahadhari, kila kiwanda kinajipimia chenyewe, kwa hiyo 200 ya huyu na 200 ya yule si ndugu wa tumbo moja. Na kwa anayeanza, tairi la 300 hivi la kampuni inayoeleweka linatosha kabisa: linalia mapema kabla ya kuachia, linakupa nafasi ya kurekebisha. Yale makali yanashika, yanashika, halafu yanaachia ghafla.

Sasa rimu, maana huko ndiko watu wanaumia. Mpangilio wa boliti si kitu pekee cha kuangalia. Impreza nyingi za zamani ni boliti tano kwa 100, yaani boliti tano kwenye duara la milimita 100. STI, ile Impreza ya michezo, kuanzia modeli ya 2005 ikawa tano kwa 114.3. Wengi wanajua hilo. Wasichojua ni tundu la katikati. Subaru habu yake ni milimita 56.1, rimu nyingi za kununua zimetobolewa 73.1 ziingie gari lolote. Pengo hilo lazima lizibwe kwa pete, la sivyo rimu inakaa kwa kukisia na usukani unatetemeka ukifika 90. Wateja wanakuja kwangu wakilia balansi, kumbe pete za elfu chache hazipo.

Nati nazo. Toyota nyingi zenye rimu za aluminiamu za kiwandani zinatumia nati yenye washa bapa. Rimu za kununua zinataka nati ya koni. Ukichanganya, itakaza vizuri karakana, kisha itajilegeza njiani. Kaza kwa spana ya kipimo, Toyota nyingi ndogo ni karibu niutoni-mita 100. Kijana akichomeka bomba refu kwenye spana na kuruka juu yake, mzuie. Na baada ya kipindi cha kwanza uwanjani, rimu ikishapoa, pima tena.

Mwisho, rimu ya Kijapani igeuze utafute alama ya JWL, ambayo ni ya viwango vya Japani vya rimu za aluminiamu. Ya kuiga nayo huandikwa, lakini isiyokuwa nayo kabisa mimi siifungi.

Evo Jinja

Fundi umemaliza. Mimi nina la breki tu.

Mafuta ya breki yanavuta unyevu hewani, na sisi tunaoishi kando ya Nyanza Victoria unyevu hatununui. DOT 4 (hapa ni daraja la mafuta ya breki, si ile DOT ya tairi) mapya hayachemki mpaka angalau nyuzi 230. Yakishanyonya maji, kiwango kinashuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mapovu, na povu linabinyika: unakanyaga, kanyagio linakwenda hadi sakafuni, gari linaendelea. Mimi lilinikuta mwisho wa sehemu iliyonyooka, bahati kulikuwa na uwanja mpana mbele. Sasa nabadilisha yote kabla ya kila siku ya traki, na nanunua chupa iliyofungwa na lakiri, sikubali ya kupimiwa kutoka kwenye dumu. DOT 5.1 inachanganyika na 4, lakini DOT 5 ni silikoni, usiiweke kabisa kwenye mfumo wa DOT 4.

Diski kubwa na kalipa kubwa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski) zinakuja baadaye sana. Pedi nzuri na mafuta mapya ndiyo nusu ya kazi.

Mtoto wa Mbarara

Mimi nataka kutetea rimu ndogo. Kila mtu anataka inchi 18 kwa ajili ya picha. Busiika ni murram. Ubavu mwembamba ukigonga jiwe au mfereji uliochimbwa na magari yaliyotangulia, rimu inapinda mdomo na upepo unatoka hapo hapo. Hata magari ya mashindano ya dunia ya ralli yanavaa inchi 15 kwenye vumbi na 18 kwenye lami, na wao pesa wanazo. Nimefunga 15 na tairi lenye ubavu mnene, gari limekuwa jepesi kuitika. Ila jaribu kwanza kama rimu inapita kalipa; zile kalipa za Brembo za STI zinataka 17.

Na kwenye murram msishushe upepo ovyo kama kwenye mchanga. Tairi lililolegea linavuliwa na rimu kwenye kona kali.

Dada wa Corolla (Entebbe)

Kweli kabisa. Na mvua ikinyesha, udongo mwekundu unajaza meno yote hadi unaendesha vipara vinne. Hapo yanasaidia meno yaliyoachana, yanayojitema tope yenyewe.

Babu wa Ralli

Wanangu, nimesoma kwa furaha. Mimi ni wa enzi za kusimama porini toka alfajiri kungoja ralli yetu ya Pearl of Africa ipite, na nilikuwa mtu mzima tayari Charles Muhangi alipotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1999. Niseme mawili.

La kwanza ni filta. Zile filta za koni zilizo wazi chini ya boneti zinavuma vizuri, lakini kwenye murram zinameza vumbi laini ambalo linasaga silinda polepole. Bakisha boksi la kiwandani, weka filta mpya, kagua mpira wake kama umekaa. Ukirudi nyumbani osha rejeta kwa maji ya nguvu ndogo kutokea upande wa injini kwenda mbele, maana vumbi lenu likikutana na maji linakuwa saruji.

La pili: helmeti kabla ya rimu. Helmeti nzima, isiyowahi kuanguka. Mikanda ya mashindano inayoshikwa sehemu nne usiifunge kwenye kiti cha kawaida kinacholala nyuma. Bakini na mkanda wa gari hadi mpate kiti chake na pa kuifungia. Na someni karatasi za bima zenu, nyingi hazimlipi mtu aliyekuwa anashindana na saa.

Pikipiki Mbili

Shikamoo babu. Nimeelewa, namtafuta fundi wa Ndeeba wiki hii. Springi fupi nazo nisubiri?

Mzee wa Kona (Kampala)

Marahaba kwa niaba ya babu, najua amelala.

Subiri, ndugu. Anza na bushi na shokapu nzima, kisha alaimenti. Gari lililoshushwa linagonga kila tuta kutoka Kireka hadi Mukono, na shokapu za mtumba kutoka Japani mara nyingi zimeshakufa ndani, zinavuja ukizitazama chini ya kikombe cha vumbi. Kwenye Impreza, boliti za kulaza tairi za mbele zipo tayari. Mwambie fundi azilaze tairi, juu ziingie ndani kadiri boliti zinavyoruhusu, mbele zote sawa, na zielekee mbele moja kwa moja. Utaona bega la nje linaacha kuliwa.

Na kwa wenye injini ya Subaru ya EJ20: kona ndefu inasukuma oili upande mmoja wa sampu, pampu inavuta hewa, beringi zinaungua. Jaza hadi alama ya juu ya kijiti, kagua kila unapotoka uwanjani. Kipindi kikiisha zunguka raundi moja polepole bila kugusa breki sana, egesha kwenye gia, weka jiwe nyuma ya tairi, handibreki usiivute. Pedi za moto zikibanwa kwenye diski zinaacha alama, na gari litakutetemesha njia nzima ya kurudi Kampala.

Bado hatujapata mwenye gari la kuvuta kwa nyuma. Wenye Toyota Altezza na Mark II wako wengi humu. Leteni yenu, hasa tairi za nyuma mnazimaliza kwa kasi gani na mnazibadilisha vipi.