Antena moja, TV nne: splita tupu, busta ya mlingoti, au kila chumba na antena yake?

Mamboleo_Juu
Nyumba ni ya vyumba vitatu, paa la mabati, hapa Kisumu. Antena ya UHF (masafa ya TV) iko juu, waya wa mita 15 unashuka hadi darini. Kutoka hapo: sebuleni mita 6, chumba kikubwa 9, watoto 12, jikoni 20. Jikoni nataka na FM pia. Chaneli za bure tu. Antena ikiingia moja kwa moja kwenye dekoda ya sebuleni, ubora unasoma 95%. Fundi anasema splita ya kugawa mawimbi haitoshi, busta ya kuyakuza ni lazima. Mnasemaje?

Desibeli75
Piga hesabu kabla ya kutoa pesa. RG6 nzuri, ule waya mnene wa antena, hupoteza karibu desibeli 17 (kipimo cha nguvu ya mawimbi) kwa mita 100 kwenye masafa ya UHF. Jikoni ni mita 35 kwa jumla, yaani 6. Splita ya njia nne inakula 7 hadi 8. Jumla ni kama 14.

Asilimia za dekoda zisikudanganye, kila kampuni ina kipimo chake. Azima mita ya fundi upime waya wa antena pale darini. DVB-T2, mfumo wetu wa TV ya dijitali, hutulia ukiwa na 45 hadi 70 dBµV (usomaji wa mita) kwenye TV. Ukipata 65 darini, splita tupu inatosha na hakuna cha kuharibika. Ukipata 50, jikoni patakuwa na vipande vipande vya picha jioni, kisha giza. Dijitali haififii polepole kama ile ya zamani tuliyozimiwa 2015. Inakata tu.

Na kama waya uliopo ni RG59, ule mwembamba, hesabu 25 kwa mita 100 badala ya 17. Badilisha.

Fundi_Kondele
Nakubali hesabu, ila busta nisingeipuuza. Shida ni mahali watu wanapoiweka: nyuma ya TV, baada ya splita. Hapo inakuza mawimbi yaliyokwisha kuchoka pamoja na kelele zake. Iwe kwenye mlingoti, chini ya antena tu, ya desibeli 15 hadi 20. Umeme wake unapanda kwa waya uleule kutoka kwa adapta iliyo ndani.

Hapo ndipo wengi hukwama. Adapta ikikaa chini ya splita, yaani upande wa TV, splita lazima ipitishe umeme, na kwa kawaida ni tundu moja tu linalopitisha, limeandikwa au lina alama nyekundu. Chomeka adapta tundu lingine na busta inabaki imekufa, mawimbi yanashuka kuliko bila busta kabisa. Njia salama: weka adapta darini, kati ya mlingoti na splita.

Mamboleo_Juu
Dekoda yangu ina menyu ya kutuma umeme kwenye antena. Si inatosha?

Fundi_Kondele
Hiyo ni volti 5. Busta nyingi za mlingoti zinataka 12, soma kibandiko kwanza. Na antena isiyo na busta mara nyingi inaunganisha kiini (uzi wa katikati ya waya) na wavu unaokizunguka moja kwa moja, kwa hiyo ukiwasha menyu hiyo dekoda italalamika kuwa kuna shoti. Ukiwa na splita tupu, izime.

Section58
Kwa walio Nakuru mjini, karibu na mitambo: busta ni adui. FM kali na minara ya simu ya 800 MHz huijaza, chaneli zinapotea ukidhani mawimbi ni hafifu, kumbe yamezidi. Chagua busta inayozuia mawimbi ya juu ya 694 MHz. Jaribu kuiondoa ndipo ulaumu antena. Aliye nyuma ya kilima ndiye anayeihitaji.

Kuhusu FM ya jikoni: antena ya UHF haishiki 88 hadi 108 vizuri. Tengeneza dipoli, yaani antena ya mikono miwili, kila mmoja sentimita 73, iingize kwenye kichanganyishi cha VHF na UHF kabla ya splita. Kama kuna busta, FM iingie baada yake, na baada ya adapta pia. Redio ikiwa haina tundu, bana kiini cha waya kwenye antena yake ya chuma.

Nyasi_na_Waya
Njia ya kila chumba na antena ndogo ya ndani: sahau, mabati yanafunika. Ile ya kutoa waya kwenye tundu la pili la dekoda hadi TV inayofuata hufanya kazi kwa TV mbili, ila baadhi ya dekoda zikizimwa ukutani TV inayofuata nayo inakosa. Splita ya HDMI inaonyesha chaneli ileile kila mahali, na waya ukipita mita 15 hivi picha inaanza kukatika.

TV zako ziwe na DVB-T2 ndani. Za DVB-T tupu, mfumo wa zamani, zitahitaji dekoda kila moja.

Desibeli75
Konekta ndizo huharibu kazi nzuri. Chuna ganda la nje milimita 15, kunja wavu nyuma, acha kiini kitokeze milimita 2 tu kupita ukingo. Uzi mmoja wa wavu ukigusa kiini, chumba hicho kimekufa na vingine vinayumba. Za kubana kwa koleo maalum, si za kuzungusha kwa mkono. Tundu lisilotumika lifungwe kwa kizibo cha omu 75.

Fundi_Kondele
Nje, zungushia tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kisha uache waya ulegee kabla ya kuingia ukutani ili maji yadondoke chini. Mvua zetu zikiingia kwenye wavu, maji hutembea hadi ndani ya dekoda.

Mlingoti uunganishwe na fimbo ya shaba ardhini kwa waya nene, na fimbo hiyo iungwe na ardhi ya umeme wa nyumba. Hata hivyo radi za upande huu hazina heshima. Mawingu yakianza kunguruma, chomoa waya wa antena na plagi ya umeme, vyote viwili.

Mamboleo_Juu
Mita imesoma 63 darini. Naweka splita tupu kwanza.

Desibeli75
Mita 15 za kwanza zimeshahesabiwa kwenye hiyo 63, kwa hiyo jikoni utabaki na kama 52. Inatosha.