Naomba ushauri: Mama ana shida ya goti, nataka kumpeleka pwani ya Amalfi

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi wa tano mama anakuja kunitembelea hapa Ujerumani kutoka Tanga, na nimemwahidi siku 5 za kuiona pwani ya Amalfi, Italia. Kinachonisumbua ni goti lake la kushoto. Akipanda ngazi kumi tu anashika ukuta, anasimama kwanza. Na vile vijiji vimeng'ang'ania mlimani: Positano ni ngazi tupu hadi ufukweni, na kanisa kuu la Amalfi lina ngazi 62 kabla hujafika mlangoni.

Nimewaza tulale Salerno, mji wa jirani, maana kando ya bahari pale ni tambarare, kisha tupande boti kwenda Amalfi, avione vijiji akiwa ameketi. Siku nyingine treni hadi Pompeii, mji uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 baada ya Kristo, ingawa yale mawe ya barabarani yananitia hofu. Au Paestum, kwenye mahekalu 3 ya Wagiriki, ambako ardhi ni sawa.

Mliofika, mwenye mkongojo anaweza kupanda zile boti? Na kati ya Pompeii na Paestum, mngempeleka mama yenu wapi?