Nikiongeza mwendo kukifuata kituo cha anga, ndiyo kwanza kinaniacha. Nakosea wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Nina gemu ya kurusha vyombo vya anga, wiki ya pili sasa nimekwama. Obiti, yaani njia ya kuzunguka sayari, naipata vizuri, tena ileile ya kituo ninachokifuata. Kiko mbele yangu kilomita 30. Naelekeza pua, nawasha injini, dakika kumi hivi nakisogelea, halafu najikuta napanda juu nacho kinatokomea. Nikiongeza mwendo ndiyo kabisa. Mafuta yananiishia njiani kila mara. Nishaurini.

Mzungukaji: Pole mkuu, hujaanza wewe. Juni 1965, mwanaanga wa Marekani James McDivitt akiwa na chombo chake Gemini 4 alitaka kukaa jirani na kipande cha roketi kilichomrusha. Akawa anakielekea moja kwa moja kama wewe, mafuta yakaliwa, jaribio likaachwa. Ukisukuma mbele obiti yako inapanuka: njia inakuwa ndefu, na huko juu mwendo ni mdogo. Wa chini ndiye anayewahi kumaliza mzunguko. Geuza mkia, punguza mwendo kidogo, ushuke.

Kibatari: Yaani afunge breki ili awahi? Makubwa haya!

Mzungukaji: Ndivyo ilivyo. Desemba mwaka huohuo chombo kingine, Gemini 6A, kiliitokea Gemini 7 kwa nyuma na kwa chini, zikakaribiana hadi sentimita 30 hivi.

Hesabu_Tamu: Nimwekee namba. Ukiwa chini yake kwa kilomita 1, kila mzunguko unamkaribia kilomita 9.4 hivi, na hiyo haijali sayari gani mnaizunguka. Kwa 30 zako, shuka wastani wa kilomita 3 na ushee, usubiri mzunguko mmoja, kisha urudishe mwendo uleule uliopunguza. Shida ya wengi ni kukosa subira, wanagusagusa injini katikati. Ila hakikisha kwanza obiti zenu hazijapishana mlalo, yaani moja haijainama kuliko nyingine, maana kurekebisha mlalo kunakula mafuta kuliko haya yote.

Mwenye uzi: Jamani! Nimefika hadi mita 200, ila nimekipita kwa kasi.

Mzungukaji: Hapo ulikuwa unasoma kasi ya obiti. Ukiwa ndani ya kilomita moja soma kasi iliyopo kati yenu wawili, uiue hadi sifuri, ndipo usogee mdogomdogo. Kwa umbali huo mfupi sasa unaruhusiwa kuelekeza pua.

Kibatari: Na mafuta yamebaki?

Mwenye uzi: Robo tangi. Narudia usiku huu.