Kubadilisha goti kwa mgonjwa mwenye unene uliokithiri

Swali: Wakuu, mgonjwa ana kilo 118, urefu mita 1.65, gegedu la goti limesagika lote. Kaambiwa apungue kwanza. Goti bandia halitamfaa?

Jibu: Litamfaa, mkuu. Wanene nao hupata nafuu kubwa ya maumivu. Tatizo ni hatari: BMI yake, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ni 43, na kuanzia 40 maambukizi na kidonda kuchelewa kufunga huongezeka waziwazi. Akifika kilo 108 atakuwa chini ya hapo.

Jibu: Mizani isiwe kigezo pekee. Mwongozo wa 2022 wa NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, hautaki mtu anyimwe rufaa kwa BMI tu. Pimeni sukari ya miezi mitatu, HbA1c, na albumini, protini ya kwenye damu, isishuke chini ya gramu 3.5 kwa desilita. Mnene naye hupata utapiamlo! Akijinyima protini ili apungue haraka, kidonda kinaweza kufumuka.

Jibu: Kwenye kifaa chenyewe, kinacholegea zaidi ni kipande cha chini, kile kinachokalia mfupa wa muundi. Muulizeni daktari kuhusu kuongeza shina linaloingia ndani ya mfupa. Sefazolini, antibiotiki ya kuzuia maambukizi, kabla ya kupasua ni gramu 2. Kuanzia kilo 120 ni gramu 3.